Msitie Sahihi Ukurasa wa Tatu

Milioni nne! Rudia tena, kifungua mimba wangu, uiseme hapa mbele ya kitanda changu badala ya kunong'ona na wadogo zako ukumbini kana kwamba masikio yangu yamekwisha kuzikwa. Milioni nne za manispaa, tutie sahihi, yaishe. Yaishe nini? Sikilizeni wanangu, kaeni chini wote watatu, maana pumzi niliyobakiza ni ya kusema mara moja.

Mimi shule sikuiona. Kusoma nilijifunza kwenye karatasi za kufungia misumari, vipande visivyo na mwanzo, ndiyo maana mpaka leo karatasi naianzia popote, na hii mliyoniletea niliianzia mwisho. Ninyi wasomi mliona milioni nne ukurasa wa kwanza mkaanza kugawana. Mimi nimeona ukurasa wa tatu: familia ikipokea hela inafuta kesi, na haitadai tena kivuko wala matuta kwenye barabara ya zahanati. Yaani mnanunuliwa mdomo, na bei imeandikwa juu ya mwili wa mama yenu.

Mama yenu aligongwa saa nne asubuhi, jua linawaka, akivuka kwenda kuchukua dawa ya presha. Wakaandika ajali. Baada yake wamekufa kumi na mmoja, mita zilezile thelathini, baina ya lango la zahanati na kituo cha basi. Ajali ni mgeni asiyetarajiwa. Anayeingia nyumba hiyohiyo mara kumi na mbili huyo ana ufunguo, na aliyempa ufunguo ana ofisi. Ndipo tukaunda kamati ya waenda kwa miguu, muuza magazeti, mkunga mstaafu na mimi mchora mabango, tukaenda manispaa kila Jumatatu kwa miaka sita. Faili letu limepotea mara tatu. Nilimwambia karani, "Mwanangu, mbuzi akipotea mara ya tatu, ujue kaliwa." Akacheka, faili hakuleta. Mhandisi akasema wanaovuka pale ni wachache mno. Wachache! Tukakaa barabarani siku saba, binti yangu akihesabu: watu elfu mbili na mia moja kwa siku. Mhandisi akajibu, "Mzee, hesabu hii haina muhuri." Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo langu halikuumbwa la kungoja.

Sasa tegeni masikio, hapa ndipo penye aibu yangu. Jumapili moja nilichukua ndoo mbili za rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi ya milango, nikapaka kivuko mwenyewe. Mlinipigia makofi, mistari imenyooka kama uzi. Lakini mimi ni mchora mabango, na bango halikanyagwi, mchanga wa kuzuia utelezi sikuchanganya. Mvua ya kwanza, mistari ikawa sabuni, na yule dereva wa pikipiki tunayemwita Mwendapole akafunga breki kumpisha mama mmoja, akateleza, mguu ukavunjika mahali pawili. Mwenda pole hajikwai, wanasema. Huyu alijikwaa juu ya kazi ya mkono wangu. Mhandisi alikuja, akapitisha kidole juu ya rangi, akatazama kucha zangu, akaandika "mvua", kwa sababu angeandika rangi angeulizwa ya manispaa iko wapi. Nami nikanyamaza. Mimi, ninayewatukana watu kwa kuficha makosa! Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nililiona, nikalikalia miaka minne.

Kwa hiyo karakana ni ya binti yangu, pamoja na ngazi na brashi zote, ila kodi ya chumba cha mbele apelekewe Mwendapole kila mwezi mpaka mwenyewe aseme basi. Nendeni wote watatu, mwambieni: ni rangi ya baba yetu. Msiingie mahakamani na uongo wangu mfukoni. Wakili wao akiuvumbua atawavua nguo mbele za watu. Wewe kifungua mimba, najua karo za watoto zinakukaba, sikulaumu kwa kuitamani hela. Kiwanja changu ni chako, kiuze kesho ukitaka. Sahihi yako usiiuze. Kitinda mimba, kiti changu cha kwenye kamati ukikalie wewe, na ukali wangu urithi nusu tu, mwingine uniachie nizikwe nao. Na msipake tena wenyewe. Wenye mitambo na mishahara ndio wenye kazi ile.

Nipeni maji... Basi, yatosha. Mungu awape miguu mizima. Awape kurudi nyumbani, kila jioni, idadi ileile iliyotoka asubuhi. Mwacheni mama yenu ajue kwamba hatukumkatia bei.

Binti yangu, sogea, sauti inaniacha. Chukua kalamu, waandikie manispaa. Usiandike "tunaomba". Nimeomba miaka sita... Andika: hela yenu tumeikataa. Andika... kivuko kimoja, cha rangi isiyoteleza. Matuta mawili, kila upande moja. Taa. Na tarehe ya kuanza kazi, kwa maandishi. Hivyo ndivyo mnavyodaiwa. Vileteni.