Aliyetuhesabia Kabla ya Kuruka

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1976, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mshonaji. Baba alihudumia mabomba ya bwawa la kuogelea la manispaa, naye alimfuata kama mkia. Maji aliyajua kabla ya kusoma. Nyumbani alikuwa akipanda juu ya kabati la vyombo na kurukia godoro. Siku moja alinipandisha na mimi, mdogo wake ninayesoma haya. Alihesabu, akaruka, mimi nikabaki juu nikiangua kilio. Alipanda tena, akanishika mkono, akaanza kuhesabu upya.

Alimaliza sekondari mwaka 1994. Vitabu hakuvichukia, ila havikumkosesha usingizi. Shuleni ndiko alikokutana na binti mfupi, mwoga, tuliyempa jina la Pacha kwa kuwa walikuwa hawaachani. Kocha aliwaweka pamoja kwenye mchezo wa kuruka majini wawili wawili kutoka jukwaa la mita kumi. Wachezaji hao hutakiwa kuondoka, kuzunguka na kuingia majini pamoja, hivyo mmoja huhesabu kwa sauti. Marehemu ndiye aliyehesabu. Pacha alikuwa akisema, "Mimi chini sitazami, namsikiliza yeye tu."

Kwenye fainali ya taifa ya mwaka 2001, marehemu alihesabu, miguu ya Pacha ikagoma. Marehemu naye akasimama. Walirudia, wakakatwa alama, medali ikawaponyoka. Viongozi wa chama cha mchezo huo walimtafutia mwenza mwingine asiye na woga. Akawajibu, "Huyo mtu wenu simjui anavyovuta pumzi." Mwaka uliofuata alipanda na Pacha yule yule, wakashuka na dhahabu. Baadaye akawa kocha wa watoto bwawani hapo, kazi aliyoipenda hadi mwisho.

Mwaka 2004 aliolewa na fundi umeme wa bwawa, mtu ambaye hadi leo hajui kuogelea. Shemeji, utuwie radhi, lakini ni kweli. Walijaliwa binti wawili. Mimi nilipomwoa Pacha, marehemu alijigamba kwamba hata hapo yeye ndiye aliyetuhesabia.

Januari 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Tukadhani ni makelele ya bwawani, kumbe ni saratani ya koo. Upasuaji uliichukua sauti yote. Tulilia sana. Yeye aliwaza wanafunzi wake, waliokuwa bado wanaruka kwa kuhesabiwa na yeye. Bwawani akamnyooshea kidole Pacha, ahesabu yeye.

"Wifi, mimi sijawahi kuhesabu hata siku moja," Pacha alisema. "Nitawaharibia watoto."

Marehemu alimshika mkono, akamgonga kiganjani kwa kidole, taratibu, mara tatu. Pacha akafungua mdomo, akahesabu, na watoto wakaruka.

Alifariki hospitalini mchana wa tarehe 6 Aprili 2024. Pacha alikuwa kando yake, akivuta pumzi pamoja naye kama walivyozoea jukwaani. Safari hii marehemu aliondoka peke yake, na inatuuma.

Ameacha mama, mume, binti wawili, mimi mdogo wake, wifi yake, na watoto wa bwawani. Hao wana mashindano yao ya kwanza kesho asubuhi. Marehemu alishatuonya kwa ishara, na kwa macho makali, yasiahirishwe kwa ajili yake. Pacha atasimama chini ya jukwaa.

Dada, pumzika kwa amani. Kesho atahesabu yeye.