Redio Aliyoiacha Muhannad

Kijiwe chetu Mwananyamala ni benchi moja refu ubavuni mwa duka la Mzee Azan. Alasiri ile vikombe vya kahawa tulivishika mkononi, maana katikati ya benchi lilikaa dude la chuma, zito, lenye vishikizo vingi vya kuzungusha usoni. Ni redio ya mawimbi mafupi, zile za kusikilizia meli, ambazo ndani zina taa za kioo. Muhannad, kaka yake Mzee Azan, aliinunua kwa Mgiriki aliyekuwa anahama, akamwachia mdogo wake siku alipopanda meli ya mizigo kwenda kushika kazi ya mawasiliano. Hakurudi tena. Redio nayo ikaja kufa. Sasa Nassibu, fundi tunayemwita Waya, alikuwa ameifufua kwa taa alizookota kwa wauza chuma chakavu Mbagala.

Waya akachomeka umeme kutoka dukani.

— Msiiguse. Inataka ipate moto kwanza.

Taa zikaiva taratibu, rangi ya chungwa. Kisha redio ikaanza kukoroma.

— Bro wako alikuwa anatokea wapi kwenye mawimbi, mzee? Waya akauliza.

— Hapo, kulia kidogo, akasema Mzee Azan. Jioni alikuwaga anaita bandari. Anataja meli, anataja mzigo, halafu kabla hajafunga anachomekea: “Salamu Mwananyamala.” Basi. Mama alikuwa anaacha chapati ziungue.

— Na nyie mnamjibu?

— Kwa kutumia nini? Hii inasikia tu, haisemi. Na meli haina sanduku la posta. Jioni moja hakutokea. Nikasema zamu imebadilika. Nikakaa hapo mpaka taa zikaungua.

Waya akazungusha. Akapita sauti ya Mchina anatangaza, akapita mtu anasoma Kurani mbali sana, kisha mkoromo mtupu. Mzee Azan akasogeza sikio.

Apolinari, karani mstaafu tunayemwita Profesa, akakohoa.

— Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake hayapotei. Sauti ya Muhannad bado iko angani, inazunguka.

— Tena ikigonga mwezi inarudi, Waya akadakia. Sie tungoje mwezi mpevu.

Mie nikaona nisibaki nyuma.

— Huyo yuko Brazili. Kabadili jina, kaoa, ana wajukuu wanacheza mpira.

Mzee Azan akatabasamu kidogo.

— Kama kaoa Brazili, na atokee hapa anitukane. Mradi nisikie.

Akaja dada mmoja na chupa ya uji mkononi, anatokea upande wa hospitali. Alikuwa mgeni kwetu.

— Shikamooni. Naomba kahawa.

Tukamsogezea nafasi. Akanywa, anaitazama ile redio, na Profesa akamsimulia habari yote, na mwezi akautia. Dada akamgeukia Mzee Azan.

— Samahani, baba. Yeye alijua kama mnamsikia?

Waya akatoa mkono kwenye kishikizo. Mzee Azan alimtazama yule dada kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

— Aliniambia nimsikilize, akasema mwishowe. Kama alijua… hilo silijui, mwanangu.

— Nimeuliza tu. Mama yangu yuko wodini, toka juzi hafumbui macho. Naongea naye mpaka koo linakauka. Leo nimechoka, nikasema nitoke, huenda naongea na ukuta.

Redio iliendelea kukoroma. Mzee Azan akachukua kile kikombe mkononi mwa dada, taratibu, akakiweka chini.

— Unaitwa nani?

— Naima.

— Naima, rudi ndani kaongee naye. Sie tulikuwa tunasikia kila neno.

Dada akasimama, akajifunga vizuri mtandio wake, akarudi alikotoka. Mzee Azan alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye geti la hospitali, na Waya alipouliza kama azime, akasogeza tena sikio kwenye redio.