Mwalimu Hhando, Kipimamvua na Mvua ya Titani

Mwalimu Nikolausi Hhando anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Jiografia katika shule yetu ya Getamari, juu kidogo ya Dongobesh. Amewafundisha wazazi, kisha watoto wao, akiwa ndani ya sweta lile lile la kijani.

Mwaka 2008 ng'ombe alikanyaga kipimamvua cha shule. Mwalimu akaandika barua kuomba kingine, akajibiwa kuwa ombi linashughulikiwa. Wakati linashughulikiwa, akahamia Titani, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, ambako chombo cha anga kilikuwa kinapiga picha za mawingu. Picha zilifika duniani ndani ya saa moja na nusu hivi. Yeye alizichapa dukani kwa Paskalina na kuzibandika kwenye ubao wa matangazo.

Oktoba 2010 alibandika habari ya furaha: dhoruba kubwa imepita ikweta na ardhi imelowa. Hakuandika ni wapi, maana walimu wote tulijua. Mimi Getruda, niliyekuwa najaza taarifa ya robo mwaka kwa haraka zangu, nikanakili neno kwa neno. Shule ikapongezwa kwa mvua nzuri, na jina letu likafutwa kwenye orodha ya mahindi ya msaada. Huku kwetu vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye uji wa wanafunzi.

Wageni kutoka wilayani walipokuja kutupongeza, nilitamani kujificha stoo. Mwalimu alisimama, akawaamkia wakubwa shikamoo, akawaeleza kwamba mvua hiyo ni ya kweli ila imenyesha Titani, tena si maji bali methani, na watoto hawa wanahitaji mahindi. Mahindi yalikuja baada ya wiki mbili. Onyo la kupotosha taarifa lilikuja kesho yake tu baada ya wageni kuondoka, kwa jina lake, naye hakunitaja. Nimeibeba aibu hiyo hadi leo.

Mwaka huu barua yake ya kumi na saba ya kuomba kipimamvua imejibiwa. Kipimamvua kimefika Jumatatu iliyopita, na maelekezo kwamba akitunze mwenyewe kwa miaka kumi. Amekizungushia miiba, na kila saa tatu asubuhi anaandika sifuri kwa mwandiko mzuri.

Ameomba zawadi moja tu: kuanzia Julai nikisome mimi. Asante, Mwalimu, kwa watoto walioshiba na kwa kuninyamazia. Tunakutakia maisha mema. Mvua ya kwanza ikinyesha nitakupigia simu, na safari hii nitatoka nje nilowe kwanza.