Gitaa la Marehemu Chuma

Benchi la nje ya duka la Fundi Saa lina mguu mmoja uliotegemezwa kwa tofali, na wenyeji wote wanajua kwamba ukikaa pembe ile hutakiwi kucheka kwa nguvu. Asubuhi hiyo walikuwa watatu kama kawaida, chupa ya kahawa katikati: Fundi Saa mwenyewe, Honi, dereva mstaafu wa lori asiyejua kunong'ona, na Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuwa bado hajapata kichwa cha kunyoa. Mgeni alikuwa gitaa tu. Halikuwa la kukumbatia kifuani. Hili hulazwa mapajani, uso juu, likapigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Lilikuwa la marehemu kaka yake Fundi Saa, na kwa ajili ya kipande kile watu walimwita Chuma.

Binti wa Chuma alikuwa amelikuta kabatini, halina hata uzi mmoja. Jumamosi mama yake angehamia kwake, na nyumba waliyopanga miaka yote ile ingerudishwa kwa mwenyewe. Shemeji, mjane wa Chuma, aliomba jambo moja tu: alisikie gitaa pale sebuleni kabla viti havijatolewa. "Liwe kama alivyoliacha," alisema. Fundi Saa akazunguka mji mzima, akapata nyuzi sita, seti moja. Alichokuwa hajui ni azikaze vipi.

— Wewe si ulikuwa unapiga gitaa naye kwenye bendi yetu? — Wembe aliuliza.

— Nilipiga la kawaida. Hili halina mambo ya vidole. Ukipitisha mkono bila kushika kitu, nyuzi ziwe zimeshapatana zenyewe. Zikipatana vibaya, hata upige nini, umeharibu.

— Basi zipatanishe! Kuna ugumu gani?

— Kila mpigaji alikuwa na mapatano yake, Honi. Kaka alikuwa akitugeuzia mgongo anapotyuni.

— Kweli — alisema Honi. — Alikuwa na wivu na funguo zile za kukazia nyuzi kuliko mke.

Fundi Saa alikaza mojamoja, sikio karibu na mbao, kama anavyosikiliza saa ya mkononi. Do, so, do, mi, so, do. Akapitisha kidole gumba. Sauti ikatoka safi, iliyonyooka.

— Hiyo hapo! — Honi alipiga paja.

— Siyo — alisema Fundi Saa. — Hii inafurahi mno. Ya kaka ilikuwa na kitu ndani yake.

— Alilegeza, nakwambia — Wembe alisema. — Msimu wa baridi alikuwa analegeza zote, nyuzi zipumue.

— Nyuzi zipumue! Hebu kanyoe watu! Chuma alityuni kwa honi ya lori langu. Nilikuwa napita dirishani kwake kila alfajiri, napiga mara mbili. Ile ndiyo ilikuwa do yake.

— Lori lako lilikuwa linakohoa, ndugu yangu.

— Lilikohoa kwa sauti moja, halikubadilika miaka kumi na mitatu!

Wembe hakukubali kushindwa. Alidai kwamba Chuma alifuata msumeno wa seremala wa jirani. Alipobanwa, akasema hapana, alifuata feni ya kanisa. Honi akasimama.

— Feni? Basi kama ni hivyo, alityuni kwa shemeji! Hamkumbuki tukifanya mazoezi uani, anavyotuita? "Baba nanii! Chakula kinapoaaa!"

Aliivuta sauti ileile ya shemeji, ikaanzia juu, ikateleza kushuka. Walicheka. Fundi Saa hakucheka. Aliuona ua ule, kamba ya nguo, kaka yake ameinamisha kichwa, akijibu mwito ule kwa gitaa badala ya mdomo, na shemeji mlangoni akijifanya kukasirika.

— Rudia — alisema.

— Nini?

— Mwite tena.

Honi akaita, safari hii bila mzaha. Fundi Saa akagusa uzi wa pili kutoka chini, ule mwembamba.

— Huu ni so. Yeye anaanzia la.

— La, au ndiyo? — Wembe aliuliza.

— La ya do-re-mi, wewe! Inabidi niupandishe.

— Ukikatika?

— Sina mwingine.

Ufunguo ukazungushwa kidogo, ukaachwa, ukazungushwa tena. Uzi ulilia kwa kubanwa, kisha ukatulia. Fundi Saa alipitisha kidole gumba, na furaha ile iliyonyooka ikapinda kidogo, ikawa tamu yenye majonzi. Akachukua kipande cha chuma. Mikono yake haikuwa ya kaka, lakini njia aliikumbuka. Wembe akapata mdundo kwenye mbao za benchi. Honi akaimba sauti ya pili ya wimbo wao wa zamani, polepole, kwa kunong'ona.

Walipomaliza wakamwona binti wa Chuma amesimama kando, mkoba begani, bado na sare ya uuguzi.

— Shikamooni — alisema, akijifuta jicho. — Hivyo hivyo, baba mdogo. Ndivyo lilivyokuwa. Mama ataanguka.

— Marahaba, mwanangu. Asianguke, akae kitini.

Alitabasamu, akawatazama mmoja mmoja.

— Lakini mnapiga vizuri hivi. Kwa nini mliacha?

Wembe alitazama viganja vyake. Fundi Saa alitafuta sababu: mazishi hayakuwa sababu, maana walikuwa wameacha kabla, hakukuwa na ugomvi, hakuna aliyehama. Kulikuwa na wiki moja hawakukutana, halafu nyingine.

Mwishowe Wembe akakohoa.

— Hiyo Jumamosi — alisema — ni saa ngapi? Ngoma zangu ziko uvunguni. Zinahitaji siku mbili za jua.