Wiki Sita za Neno Rutuba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kamusi, ghorofa ya pili, mlango unaokwama, Bi Ngoja anastaafu. Jina lake halisi liko kwenye faili la utumishi, na huko libaki. Sisi tunamjua kwa neno alilozoea kuliandika kwa penseli kwenye pembe ya kila kadi isiyomridhisha: "Ngoja." Hakubagua. Kadi za wakurugenzi nazo zilingoja.

Alianza kama mpanga kadi. Kazi ilikuwa kuzipanga kwa alfabeti katika makasha ya mbao na kufunga mdomo. La kwanza aliliweza. Mwaka wa tatu alirudisha kadi ya neno "chokaa" na maelezo kwamba aliyeiandika hajawahi kupaka ukuta. Ilikuwa kweli, akapewa meza. Tangu hapo utaratibu wake haukubadilika: huandiki maana ya kitu mpaka umemwona mtu anayekitumia. Kwa ajili ya "randa" alishinda kwa seremala, akarudi na vumbi la mbao kichwani. Kwa ajili ya "kununa" alisema hana haja ya kutoka, ofisi inatosha.

Waliomwita mzembe, na walikuwepo, hawakujua kazi ni nini. Kadi zaidi ya elfu tisa katika makasha yetu zina mwandiko wake. Hata ile methali ya haraka haraka haina baraka aliichukia. Alisema imetungwa na mtu aliyechelewa kazini.

Lakini kuna neno moja lililokaribia kumng'oa. Tulikuwa tunatayarisha toleo la pili. Mkurugenzi mgeni alileta jedwali, akalitundika ukutani kwa msumari: kila mtu, kila wiki, maneno mangapi. Aliyeongoza alisifiwa mbele ya wote kuwa ana rutuba. Wiki ya sita ilipokwisha, mbele ya jina la Bi Ngoja palikuwa na sifuri sita zimepangana kama mayai. Alikuwa amepewa "rutuba" yenyewe pamoja na jamaa zake, kama "tija" na "neema", akakataa kukabidhi hata moja kabla ya kulielewa hilo la kwanza.

Toleo la zamani lilisema rutuba ni hali ya ardhi kutoa mazao mengi. Kunakili kungechukua dakika mbili. Yeye alisema huko ni kuulizwa habari za mama ukajibu idadi ya watoto. Akaenda kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, anayelima mboga nyuma ya karakana ya matofali. Shemeji alimtania kwanza: ofisi nzima ya wasomi, na wote wamekosa maana ya udongo? Kisha akachota udongo wa sehemu mbili, akaufinya viganjani. Mmoja ulishikana, mwingine ukapukutika.

"Huu mkavu unaweza kuwa na kila kitu," alimwambia, "lakini haukupi kitu. Kwanza unyevu, shemeji. Mavuno ni habari ya baadaye."

Aliporudi alifungua vitabu vya asili ya maneno, akakuta kwamba neno hilo limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni unyevunyevu. Mkulima alikuwa amefika kwenye mzizi kabla ya vitabu. Kutoka majimaji neno likahamia kwenye udongo unaozaa, na kutoka kwenye udongo likapanda hadi kwenye akili na kalamu. Katika safari hiyo yote halikupita kwenye jedwali.

Mkurugenzi naye alikuwa ameandika barua: mwisho wa mwezi Bi Ngoja ahamie bohari, akasimamie maboksi ya karatasi. Aliisoma, akaandika "Ngoja" pembeni, akairudisha. Tarehe haikubadilika. Akaanza kufungasha.

Kilichomwokoa ni kosa letu. Zikiwa zimebaki siku tatu, zilikuja kurasa za mwisho kabla ya kuchapwa. Alizisoma katikati ya maboksi yake, akafika kwenye "tele", ambako paliandikwa: tazama "wingi". Akaenda kwenye "wingi": tazama "tele". Msomaji angezunguka hapo kama pia. Jozi za namna hiyo zilikuwa sitini na moja, zote za yule aliyeongoza jedwali. Kila neno gumu alilisukuma kwa jirani yake, kisha akahesabiwa mawili. Mtu huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, na meza yake ingekuwa salama saa hiyo hiyo. Badala yake alivuta kiti, akaweka kurasa mbele ya mkosaji.

"Mdogo wangu, chukua penseli. Tuna siku mbili."

Siku ya tatu mkosaji alizipeleka kurasa mwenyewe, akasema nani amekosea na nani amegundua. Mkurugenzi, tumpe haki yake, alisoma jozi kumi, akaichana barua ya uhamisho, akalishusha jedwali kwa mkono wake. Msumari ulibaki. Kwa miaka kumi na tisa Bi Ngoja ameutundikia mkoba wake.

Wiki ijayo msumari utakuwa mtupu, na tayari tunasikia minong'ono ya jedwali jipya, safari hii la kompyuta. Anayelitaka afungue kwanza kasha la R. Kadi ipo, na pembeni haina penseli: "Rutuba: unyevu wa udongo unaouwezesha kuzaa, kwa hiyo, uwezo wa kuzaa kwa wingi, wa ardhi, wa akili au wa kalamu."

Dada yetu, asante kwa kadi elfu tisa, na kwa zile siku mbili. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, na udongo wako usikauke. Mavuno ni habari ya baadaye.