Radhi Niliyonyimwa

Assalaam alaykum nyote, mliokaa hapa mkekani na nyinyi kina mama mlioko nyuma ya pazia. Maalim aliponiomba nisimame baada ya maulidi nilimwambia, Maalim, kazi yangu ni kupika halwa, mambo ya hotuba siyawezi. Akasema simama hivyo hivyo. Basi nimesimama. Nikikaa ghafla katikati ya maneno msishtuke, ni hili tumbo langu, na hilo tumbo ndilo nililoitiwa.

Kuna mwenzetu amerudi kutoka spitali ya Mombasa wiki hii. Jina silitaji, ingawa kila anayetia udhu hapa ameliona birika aliloanza kulipaka chokaa akaishia nusu, na nusu ya pili bado nyeusi. Ameambiwa yale yale niliyoambiwa mimi. Na kesho baada ya alasiri ametualika nyumbani kwake, tukampe radhi. Kwa hivyo nataka mnisikilize yeo, kabla hatujakwenda.

Mimi yangu yalianza mwaka ule bendera zilipotundikwa usita wa mui, ile ndia kuu, kwa kutawazwa Malkia wa Uingereza. Halwa iliagizwa kila nyumba, na mimi nikipika huku nikijiona mzima. Kumbe mke wangu ameshaona. Alikuwa akinitazama ninavyokula. Tonge mbili, nimeshiba. Tonge ya tatu, inarudi. Kikoi nilichokuwa nikikifunga kwa shida kikawa kinanizunguka kiunoni. Nikisema ni joto la jiko, nikisema ni riahi. Nimekunywa tangawizi, nimekunywa subili, nimekunywa kombe la aya, yote ni heri, lakini choo kilipokuwa cheusi kama lami mke wangu alisema basi, unakwenda Mombasa, na kama hutaki nitakubeba mgongoni.

Tukavuka kwa mashua mpaka Mokowe, bara, tukapanda lori. Ile ndia sitaisema, anayeijua anaijua.

Mombasa dakitari Mzungu alinipasua. Akanitoa tumbo, akaniachia kiasi cha kikombe cha kahawa. Nikakaa kitandani nikingoja, kwani walisema waliyoyatoa lazima yatazamwe kwa darubini kwanza. Siku ya majibu dakitari alikuja na dresa mmoja, msaidizi wake wa kufunga vidonda, mtu wa pwani kama sisi, ndiye akinifasiria. Alikuwa na huruma yule dresa. Aliona tasbihi yangu juu ya mto wa kulalia, akaichukua.

Akaniambia, "Mzee, kandokando ya tumbo kuna vijitezi vimepangana, mithili ya shanga hizi. Ni ndugu zake mitoki. Si unajua kidonda cha mguu kikichachuka kinena huvimba? Basi saratani ikitoka tumboni hupita kwenye hivi kwanza. Dakitari amevitoa na tumbo, akavitazama. Vikiwa visafi vyote, mtu huwa na matumaini marefu. Vikiwa vimeingiwa, matumaini hupungua, na kila vinavyozidi kuingiwa yanazidi kupungua."

Nikamuuliza, na vyangu?

Akazishika shanga chache za tasbihi, akaziacha, akashika nyingine nyingi. Hizo nyingi ndizo zilizoingiwa.

Ndugu zangu, nilimuuliza dakitari swali moja tu, Ramadhani inayokuja nitaiona? Wakasemezana kwa Kiingereza. Dresa akasema, "Anasema hii inshallah utaiona. Ya pili hawezi kukuahidi. Wengi waliokuwa na vijitezi kama vyako hawakuifikia."

Nawaambia kweli, dakitari hakunitukana wala hakunidanganya. Nilimuuliza, akanijibu. Kosa lilikuwa la kwangu mimi, na la mui mzima, kwa vile tulivyolichukua lile jawabu.

Nilirudi mtaani kwetu Mkomani nikalala. Nikamwita mwenzangu wa sokoni, naye ni mpishi wa halwa, nikampa sufuria langu la shaba na mwiko wake, maana maiti hapiki. Nikaagiza sanda itolewe sandukuni, itiwe udi. Kisha nikaita watu waje tutakane radhi, kama ilivyo ada yetu mtu akiwa safarini. Mlikuja. Wengine wenu nawaona hapa. Mlikuja mmoja mmoja mkinishika mkono, "Tumekusamehe dunia na akhera." Hata yule tuliyegombana naye kwa ajili ya kiambaza, ukuta wa baina ya nyumba zetu, alikuja akalia. Na mimi nikaona raha. Lakini baada ya siku ile, mtu akipita chini ya dirisha langu hupunguza sauti. Hapana aliyeniuliza bei ya samli, hapana aliyenitania. Mlikuwa mmeshanizika, jamaa, mkabakisha udongo tu.

Wa mwisho kuombwa alikuwa mke wangu. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, nasi wanaume huku, pazia katikati, kama hapa. Shekhe mmoja, Mungu amrehemu, akapaza sauti, "Bi, mumeo anaomba radhi yako."

Shekhe akarudia.

"Bi, umesikia?"

"Nimesikia. Simpi."

Subhanallah! Mlisikia wenyewe mliokuwapo. Kina mama wakaanza kumnyamazisha, haya, mwanamke wewe, mume atakutoka una deni la Mungu. Shekhe akamwambia kwa upole kuwa mume akifa bila radhi ya mkewe ni jambo zito. Akajibu, "Nalijua uzito wake, ndio maana simpi. Huyu ana haki zangu. Mwanangu amekuja kuposwa, na arusi nimeiweka mfungo mosi, baada ya Ramadhani ya pili. Halwa ya arusi ya mwanangu haipiki mtu mwengine katika mui huu. Aipike, kisha aje aniombe."

Ramadhani ya pili! Ile niliyonyimwa ahadi, na yeye anajua, kwani nilimwambia mwenyewe. Nilikasirika, nawaambia, nilikasirika mpaka nikakaa kitako. Nilikuwa sijakaa kitako tangu nilipotoka kwenye lori. Nikapiga kelele, "Mwanamke, mimi nakufa!" Naye huko nyuma ya pazia, "Kufa si kazi yako, kazi yako halwa."

Msicheke. Haya, chekeni.

Kesho yake alijitanda buibui akaenda kwa yule mwenzangu kudai sufuria. Yule bwana, Mungu amlipe, alilitoa bila neno na akamsaidia kulibeba mpaka mlangoni kwetu. Akaanza kunilisha. Uji kikombe kidogo, akingoja kidogo, kikombe tena. Samaki wa kuchemsha aliyemtoa miba kwa mkono. Nikitapika anafuta, anangoja, analeta tena. Tulikuwa hatusemezani, nimenuna. Nanuna huku nameza.

Ramadhani ya kwanza ikaja, ikapita. Nikaanza kutoka mpaka barazani. Nikapika halwa kidogo ya majirani, nikaionja, ndugu zangu, kijiko kimoja tu! Moyo ukaenda mbio, jasho, dunia inazunguka, nikalala sakafuni. Tumbo lililobaki halitaki sukari kabisa. Mpishi wa halwa asiyeweza kuonja halwa. Nililia siku ile kuliko siku ya tasbihi. Mke wangu akachukua kijiko mkononi mwangu, akaonja yeye, akasema, "Iliki kidogo." Basi. Tangu siku ile mimi natazama samli inavyojitenga na nasikiliza mwiko, na yeye ndiye ulimi wangu.

Ramadhani ya pili ikaandama nikiwa juu ya dari nautazama mwezi na mato yangu haya. Mfungo mosi nikapika halwa ya arusi ya mwanangu. Mliila.

Nilipokwenda Mombasa tena, dakitari alinipapasa shingo, juu ya mfupa wa bega la kushoto, kwani anasema maradhi haya hupenda kuchungulia pale. Hakukuta kitu. Nikamwambia, mbona ulisema? Akanijibu kupitia dresa, "Nilikwambia ya wengi, na wengi wamekwenda. Wachache hubaki. Siwezi kujua ni nani, wala kwa nini." Nami nawaombeni mlishike hilo. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa na vijitezi vichache kuliko mimi, na mke mwema kama wangu, na hakuiona hata Ramadhani ile ya kwanza. Msiende mkasema radhi ikizuiwa mtu hafi. Astaghfirullah. Ningeweza kufa mwezi wowote. Lakini ningekufa nimeshika mwiko, badala ya kukaa nanuka udi nikingojea.

Baada ya arusi nikamwendea, nikamwambia, haya, nipe. Akasema, "Na mdogo wake je?" Mdogo wake akaolewa. Nikaomba tena. Akasema, "Bado wajukuu." Siku moja tu alinong'ona kuwa moyoni alinisamehe siku ile ile, mdomo ndio alioufunga. Lakini mdomo wenyewe mpaka yeo haujasema. Yuko nyuma ya pazia hapo, mwulizeni.

Nawashukuru walionisomea khitma, na yule bwana wa sufuria, na dakitari aliyenipasua, na dresa aliyekuwa na huruma. Wewe uliyeko nyuma ya pazia sikushukuru, utaona deni langu nimelimaliza.

Na kesho twendeni, sote. Tusikae kama tuko matangani. Tumtanie, tumwulize bei ya chokaa. Kama hawezi kusimama tutamwekea kigoda, atuelekeze, tupake sisi. Siku yake ikifika kweli, radhi yangu anayo, nimeshaiweka moyoni. Lakini kesho akinyoosha mkono akaniomba, nitaushika mkono wake vizuri, nitamtazama mato, nitamwambia, "Bwana, birika liko nusu. Sikupi."