Mzee Marseli Ntandu na Pikipiki Iliyogawanywa Kakesio

Kwanza salamu, maana mimi siwezi kumsifu mtu ambaye sijamsalimia. Mzee Marseli Ntandu, shikamoo. Mama Lukresia mkewe, hujambo wewe na mgongo wako? Fidelisi na mke wako huko Babati, hamjambo. Ester uliyejifungua Pasaka, hujambo wewe na huyo mtoto tuliyeambiwa amechukua masikio ya babu. Anjela binti wa mzee, uliye darasa la saba, hujambo, soma mwanangu. Na bibi mzaa Marseli kule Ilongero, ambaye hatujakuona kwa macho lakini asali yako tumeila miaka yote, shikamoo bibi. Sisi wa huku ni wazima: karani Damiano ambaye atayapiga haya kwa mashine, walinzi wote wawili, watu wa josho, baba Paskalina shambani Endabash, Paskalina mwenyewe, na mimi mpika chai.

Sasa niandike nilichoombwa, maneno ya kumuaga mzee kwa gazeti la ofisi.

Mzee Marseli ameitumikia ofisi yetu ya mifugo hapa Karatu miaka ishirini na mitatu. Aliingia mwezi Machi 1964 akiwa kibarua wa kujaza maji kwenye josho, na anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1987, akiwa fundi wa pikipiki zote za kituo. Kabla ya hapo alitoka kwao Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, kama wengi wao. Injini aliijulia huko huko, kwenye mashine ya kumenya kahawa, kwa kumtazama fundi na kunyamaza. Damiano alinipa faili lake nilisome nisije nikaandika uongo. Nimekuta barua mbili za pongezi na moja ya onyo. Ya onyo ndiyo nzuri kuliko zote, nitaieleza.

Wenzangu mliokuja juzi hamkuziona zile nyasi nyuma ya stoo. Humo zilikuwa zimelala pikipiki tatu, zimekatiwa tamaa tangu enzi za wakubwa waliotangulia. Kuku wangu mmoja alikuwa anataga ndani ya taa ya mojawapo, nami nilikuwa najua kabisa mayai ya chai ya Jumatano yanatoka wapi. Mzee Marseli alianza nazo mwaka 1970 bila kutumwa na mtu. Hakuanza na spana. Alianza kwa kuosha, kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, siku nzima, skrubu kwa skrubu. Alisema hawezi kumtibu mtu ambaye hajaiona ngozi yake. Mbili zikaamka. Ya tatu ikatoa vipuri ili hizo mbili ziishi, naye alipoifungua alivua kofia, nilimwona.

Sasa ile ya Kakesio, kule kwa Wamasai. Mwaka 1972 bwana mifugo mmoja alihamishwa ghafla, akaiacha pikipiki ya ofisi imeharibika kwenye boma la Mzee Moloimet, akasema itafuatwa. Haikufuatwa. Miaka minne ikapita. Mwaka 1976 ndipo mkubwa wa wakati ule akamtuma Mzee Marseli akailete, akampa siku mbili.

Alipofika alikuta injini, tangi na mifupa ya chuma imeegemea mti. Magurudumu hakuna, siti hakuna, cheni hakuna, waya hata mmoja hakuna. Mtu mwingine angepiga kelele za wizi akaenda kuleta polisi. Yeye aliuliza tu, na Moloimet akamjibu wala hana aibu: "Tulimngoja. Mvua zikapita mara nne, hakuinuka. Tukaona amekufa, tukamgawana."

Na kweli walimgawana, tena kwa utaratibu. Kwao ng'ombe akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe: kipo cha wazee, kipo cha akina mama, kipo cha morani, wala mtu hagombanii. Na hii pikipiki waliigawa hivyo hivyo. Mzee Marseli alipolielewa hilo akakaa chini, akanywa maziwa aliyopewa, akauliza mambo ya nyama. Mgongo wa ng'ombe hapa huenda kwa nani? Kwa wazee. Basi siti iko kwa wazee, na Moloimet akasimama kidogo ionekane kwamba alikuwa ameikalia. Shingo je? Mbavu je? Akaenda boma kwa boma, anauliza nyama anapata pikipiki. Spoki za magurudumu walikuwa nazo morani. Vioo na nyaya walikuwa nazo akina mama. Matairi yalishakuwa katambuga, hayo aliyaacha miguuni mwa watu.

Waya wa klachi alikuwa nao mama mmoja anaitwa Naishorua, ameupitisha kwenye shanga zake, unang'aa shingoni. Huyo alikataa. Alimwambia, "Wewe fundi, uliwahi kuniona bila shanga lini? Niletee wa kuvaa kwanza, ndiyo nikuvulie huu." Mzee Marseli akavua mnyororo wake wa rozari, akatoa msalaba akaubakiza mfukoni, akampa ule mnyororo. Paroko alipokuja kusikia alicheka mpaka akaketi.

Cheni ilikuwa kwa morani mmoja, Kakuta, ameifunga kiunoni ndipo anaponing'iniza sime yake. Huyo aliipaka mafuta ya kondoo kila siku kwa miaka minne. Mzee Marseli ametuhadithia hii mara nyingi, na kila mara anatikisa kichwa: hajawahi kuona ofisi yoyote ya serikali iliyotunza cheni namna ile. Kakuta aliitoa kwa blanketi na mkanda wa suruali. Kwa hiyo fundi wetu alirudi Karatu siku ya kumi na moja, juu ya lori la mahindi, ameshikilia suruali kwa mkono mmoja na gunia la vipuri kwa mkono mwingine. Hapo ndipo ilipoandikwa barua ya onyo, kwamba alitumwa siku mbili.

Kuifufua kulichukua miezi kumi na minne. Mnakumbuka mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na vipuri vilivyokuwa vinapita huko vikakoma kama mvua. Hapa lazima nimtaje Mama Lukresia, maana magazeti ya ofisi huwasifu mafundi na kuwasahau waliolala na harufu ya petroli. Ringi za pistoni zilipatikana Arusha kwa kuuza baiskeli ya nyumbani kwao. Oili ilichujwa kwa khanga yake. Yeye alikuwa akija jikoni kwangu ananiuliza hali ya pikipiki, "Mke mwenzangu ameamkaje leo?" Nikimwambia amekohoa mara mbili, anajibu, "Basi leo tena sukari hatuna." Alikuwa anacheka, lakini mimi ni mwanamke, nilijua kicheko kile kimebeba nini. Kuifufua pikipiki ni siku moja ya furaha. Kuitunza ndiko kunakomaliza watu. Leo tairi halipatikani mpaka kibali, kesho petroli imegawiwa lita nne kwa wiki, keshokutwa plagi imekufa na hakuna nyingine mkoa mzima, naye anaikwangua kwa waya mpaka inawaka. Mara ngapi ametembea na pancha ameshindilia nyasi ndani ya tairi, amefika hapa saa mbili za usiku anaomba uji?

Ilipoamka aliipeleka mwenyewe Kakesio wajionee. Boma zima lilitoka. Mzee Moloimet aliizunguka mara mbili, akaligusa tangi, akasikia joto. Akasema, "Kumbe tulimgawana akiwa hai." Tangu siku hiyo, pikipiki hiyo tunayoiita namba tatu haipiti kule ikiwa mgeni. Kila mtu anaijua sehemu yake inapita.

Sasa naomba mnivumilie kidogo, maana hapa nagusa nyumbani kwangu.

Binti yangu Paskalina alipotoka chuo cha mifugo mwaka 1985 alipangiwa chanjo ya Endulen na Kakesio, akapewa namba tatu. Wamasai wanamwita bwana mifugo wa kike. Wenyewe wanaona ni utani. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni kila akiondoka, kasha la barafu lenye dawa limefungwa nyuma yake, nawaza ile barabara ya msituni juu ya kreta, nyati wanaosimama kwenye ukungu hawasogei, na kile chuma kikuukuu chini yake. Faraja yangu ilikuwa moja tu. Usiku kabla ya safari, Mzee Marseli alikuwa ameipitia kila nati.

Mwezi wa nne mwaka huu ikaja barua kutoka kwa wakubwa. Pikipiki za zamani zinakula vipuri kuliko thamani yake, zifutwe, isipokuwa ile yenye fundi wa kituoni wa kuisainia. Na fundi wa kituoni anastaafu Juni. Kila mtu ofisini alihuzunika. Mimi, Mungu anisamehe, nilimwaga chai kwa furaha. Nilijua pikipiki ikifutwa, Paskalina atabaki hapa anaandika vitabu vya josho, nami nitalala.

Kumbe Mzee Marseli alikuwa ameanza zamani kumfundisha. Siku nilipomwona binti yangu gerejini amelala chali chini ya injini, nywele zote oili, nilikwenda na mwiko mkononi. Nilimwambia, "Mzee Ntandu, unanimalizia mtoto. Nani atamwoa huyo anayenuka kama lori?" Hakukasirika. Aliniambia, "Mama Paskalina, mimi siwezi kumzuia asiende, wala wewe huwezi. Tunachoweza ni asiende kipofu. Keti hapo." Nikaketi juu ya debe. Akamwambia Paskalina apige kiki, kisha amweleze kinachoumwa bila kugusa. Binti akafumba macho, akasikiliza, akasema, "Kabureta inakula hewa, upande wa chini." Mzee akatikisa kichwa, akasema siyo. Wakafungua. Ikawa ndivyo alivyosema binti. Mzee akanigeukia akasema, "Umeona? Mimi mwenyewe sikusikia." Nilirudi jikoni na mwiko wangu.

Tarehe nne Mei mkaguzi alikuja kumpima Paskalina kama anaweza kuwa huyo fundi wa kuisainia. Aliifungua namba tatu vipande vipande, akavichanganya juu ya turubai, akamwambia Paskalina airudishe. Mzee Marseli aliketi mbali kwenye benchi, mikono ameikalia asije akashawishika. Ilichukua kutoka asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mkaguzi akaangalia saa. Paskalina akafungua plagi, akaifuta kwa pindo la gauni lake, lile gauni la bluu nililomshonea Krismasi, akairudisha. Kiki ya tatu ikawaka. Mkaguzi akaandika jina la Paskalina pale palipokuwa la Marseli Ntandu, akasaini. Watu wakapiga makofi, na mzee akainuka polepole, akaenda kunawa mikono ambayo siku hiyo haikugusa kitu.

Kwa hiyo namba tatu haifutwi. Kakesio itaendelea kupata chanjo. Huo ndio urithi wake, na kwenye faili haumo, ndiyo maana nimeuandika hapa.

Mzee Marseli, kwa niaba ya kituo chote tunakushukuru. Umetufundisha kuosha kabla ya kutupa. Mama Lukresia, asante kwa baiskeli, kwa khanga, kwa sukari. Hatuna cha kukurudishia ila huyu mume, mchukue sasa ni wako peke yako. Nendeni Ilongero mkalime mtama wenu, mule asali kwa bibi, magoti yapone, na mzee apate kukaa kivulini bila mtu kumletea plagi. Maisha mema yawe yenu, ndugu zetu.

Neno la mwisho ni langu mwenyewe, Damiano usilikate. Mzee Marseli, mkaguzi umemwambia binti yuko tayari. Damiano umemwambia. Mkubwa umemwambia. Mimi sikukuuliza, kwa sababu ninakujua hudanganyi, na niliogopa utanijibu. Lakini Jumatatu tarehe 13 Julai anaondoka kwenda Kakesio, mara ya kwanza bila wewe kuipitia usiku. Nitamfungia chakula, nitafungua mlango, simzuii. Ila kabla ya siku hiyo niandikie mimi, mama yake, ukweli wako kama angekuwa Anjela wako anayepanda. Mpe barua kondakta wa basi la Babati, yule wa basi la Mbulu ataipokea kwake aniletee. Fanya upesi, mzee wangu. Nitakuwa stendi kila jioni.